Hans Wilsdorf: Aliyeitoa saa mfukoni akaivika mkononi

Siku ya gulio, Muheza au Lushoto, hukosi kumwona mchuuzi aliyetandaza saa za mkono juu ya turubai. Kubwa zinang'aa mbele, ndogo zimesogezwa pembeni, na wateja wengi huanza kunyanyua zile kubwa. Wengi wetu tunaamini kwamba saa kubwa ndiyo saa ya maana, na kwamba ndogo ni ya watoto au ya kina mama. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita imani kama hiyo ilitawala Ulaya pia. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuibomoa alikuwa yatima kutoka Ujerumani, Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa kampuni ya Rolex. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, kisha tunaeleza namna ya kuchagua saa inayoukaa mkono wako.

Hans Wilsdorf alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji mdogo wa Kulmbach, jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Familia yake ilikuwa na biashara ya vifaa vya chuma. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa tayari amempoteza mama na baba, naye akabaki na kaka na dada yake mikononi mwa ndugu wa wazazi wake. Ndugu hao waliamua kuiuza biashara na kutumia fedha kuwasomesha watoto. Hans alipelekwa shule ya bweni katika mji wa Coburg, na huko alionyesha uwezo katika hesabu na lugha, hasa Kiingereza. Baadaye maishani aliamini kwamba kujitegemea mapema kwa namna hiyo ndiko kulikomfundisha kutunza mali.

Aliingiaje katika biashara ya saa?

Baada ya masomo alikwenda Geneva, Uswisi, akafanya kazi kwa mfanyabiashara wa lulu. Mwaka 1900 alihamia La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi ambao sehemu kubwa ya watu wake waliishi kwa kutengeneza saa. Aliajiriwa kama karani wa barua za Kiingereza katika kampuni iliyouza saa nchi za nje. Pamoja na barua, kila siku alitakiwa kutia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kukagua kama zinakwenda sawa. Kwa mikono yake alijifunza ipi inatunza majira na ipi inadanganya.

Hizo ndizo zama ambazo huku kwetu Wajerumani walikuwa wakijenga kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902. Mwanamume wa Ulaya wa wakati huo, awe mtaalamu wa mimea au mwenye shamba, saa yake ilikuwa mfukoni, kubwa na nene, imefungwa kwa mnyororo. Kuitazama ilibidi aache alichoshika, aitoe na kufungua kifuniko. Mwaka 1903 Wilsdorf alihamia London, na mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 24, alianzisha kampuni ya kuuza saa pamoja na mshirika wake, Alfred Davis.

Kwa nini saa ya mkono ilidharauliwa?

Saa za mkono zilikuwepo, lakini zilihesabiwa kuwa bangili za wanawake. Mwanamume aliyevaa saa mkononi alichekwa. Mafundi nao walikuwa na hoja zao. Saa ya mkono lazima iwe ndogo, na mashine ndogo ni ngumu kuifanya itunze majira. Ndani ya saa kuna gurudumu linalocheza huku na huku bila kupumzika, na mwendo wake ndio unaopima muda. Gurudumu hilo likiwa dogo sana, vumbi kidogo au mafuta yaliyokauka yanatosha kulivuruga. Isitoshe, mkono hautulii: unapanda, unashuka, unagonga mlango, unaingia majini. Mafundi wengi walisema saa ya namna hiyo haitadumu.

Wilsdorf aliona jambo jingine. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, kuanzia 1899 hadi 1902, baadhi ya askari walizifunga saa zao kwenye kifundo cha mkono kwa ukanda wa ngozi, kwa sababu mtu aliyeshika bunduki au hatamu za farasi hana mkono wa kupekua mfuko. Kwa hiyo uhitaji ulikuwepo, na kilichokosekana ni mashine ndogo ya kuaminika. Aliipata kwa kiwanda cha Aegler katika mji wa Bienne, Uswisi, akaagiza kwa wingi na kuweka rehani jina lake lote la biashara.

Mwaka 1908 alisajili jina Rolex. Alitaka neno fupi, linalotamkika kwa urahisi katika lugha nyingi na linaloenea kwenye uso mdogo wa saa. Ndugu zetu wa Uganda wanalifahamu neno hilo kwa maana nyingine kabisa: chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Jina la chakula hicho limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, wala si na saa.

Udogo uliishindaje dharau?

Wilsdorf hakubishana na wakosoaji kwa maneno. Alipeleka saa zake zikapimwe. Mwaka 1910 saa yake ya mkono ilipata cheti cha usahihi huko Bienne. Tarehe 15 Julai 1914 kituo cha Kew nchini Uingereza, kilichojulikana kwa kupima saa za kuongozea meli, kiliipa saa yake cheti cha daraja A. Ilikuwa imepimwa kwa siku 45, ikilazwa na kusimamishwa katika mikao mitano, mara kwenye baridi ya barafu, mara kwenye joto. Mashine ya saa hiyo ilikuwa na upana wa milimita 25 hivi, yaani kama inchi moja. Kuanzia hapo hoja kwamba saa ndogo haiwezi kuwa sahihi ilikosa miguu.

Wiki chache baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vilianza, na Novemba 1914 vilifika Tanga, Waingereza walipojaribu kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani na kushindwa. Katika vita hivyo vya mizinga na mahandaki, vikosi vilitakiwa kushambulia kwa dakika moja iliyopangwa, na saa ya mkono ikawa kifaa cha kazi. Wanaume waliorudi nyumbani nayo hawakuchekwa tena.

Kwa Wilsdorf mwenyewe vita vilikuwa na uchungu. Alikuwa ameshachukua uraia wa Uingereza na kuoa Mwingereza, Florence Crotty, lakini jina lake lilikuwa la Kijerumani katika nchi inayopigana na Ujerumani. Mwaka 1915 kampuni iliacha kutumia jina la Wilsdorf na Davis, ikabaki na Rolex. Mwaka huohuo serikali iliweka ushuru wa theluthi moja ya thamani kwa saa zinazoingizwa nchini. Mwaka 1919 Wilsdorf alihamishia makao yake Geneva.

Maji na vumbi aliyashughulikia vipi?

Adui aliyebaki alikuwa maji na vumbi. Mwaka 1926 Rolex ilitoa saa iliyoitwa Oyster, jina la Kiingereza la chaza, kwa sababu ilijifunga kama chaza anavyofunga magamba yake. Kifuniko cha nyuma na kidude cha pembeni cha kurekebishia majira vilikazwa kwa kuzungushwa kama parafujo.

Oktoba 1927 mwogeleaji wa Uingereza, Mercedes Gleitze, aliingia tena katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, baada ya watu kutilia shaka kuvuka kwake kwa mara ya kwanza. Shingoni alivaa Oyster. Baridi ilimshinda kabla hajafika ng'ambo, lakini alikuwa amekaa majini zaidi ya saa 10, na saa ile ilitoka ikiendelea kutembea. Wilsdorf alinunua ukurasa wote wa mbele wa gazeti la Daily Mail kutangaza habari hiyo. Katika madirisha ya maduka aliweka saa zikitembea ndani ya matangi ya samaki, mpita njia ajionee mwenyewe.

Mwaka 1931 ilifuata saa ya Rolex inayojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Wazo la saa ya mkono ya namna hiyo lilikuwa limeshafanyiwa kazi na fundi Mwingereza, John Harwood, lakini Rolex ilitumia kipande kinachozunguka mduara mzima. Faida yake ilikuwa pia kwamba mtu hakuhitaji tena kukifungua kile kidude cha pembeni kila siku, na hivyo maji na vumbi vilikosa mlango.

Alimalizaje maisha yake?

Katika Vita Vikuu vya Pili aliwaruhusu maofisa wa Uingereza waliofungwa katika kambi za Ujerumani kuagiza saa na kulipa vita vitakapokwisha. Mwaka 1944 mke wake alifariki. Hawakujaliwa watoto, na mwaka 1945 Wilsdorf alianzisha mfuko wa hisani wenye jina lake, ambao hadi leo ndio mmiliki wa Rolex. Mwaka huohuo kampuni ilitoa saa ya Datejust, iliyobadilisha tarehe yenyewe. Ilikuwa na upana wa milimita 36 tu, nayo ilivaliwa na wanaume wenye vyeo vikubwa. Hans Wilsdorf alifariki Geneva tarehe 6 Julai 1960, akiwa na miaka 79.

Saa ya ukubwa gani inakufaa wewe?

Maisha ya Wilsdorf yanatuonyesha kwamba ukubwa wa saa haupimi ubora wake. Unabaki kuwa suala la mkono wako, kazi yako na unachokipenda. Chukua uzi, uzungushe kwenye kifundo cha mkono pale unapovaa saa, kisha ulaze juu ya rula. Uzi ukiwa chini ya sentimita 16, tafuta saa yenye upana wa milimita 34 hadi 38. Kati ya sentimita 16 na 18, milimita 38 hadi 42 zinakaa vizuri. Zaidi ya hapo unaweza kuvaa ya milimita 42 na kuendelea. Vipimo hivi ni mwongozo, si sheria.

Muhimu zaidi kuliko upana ni urefu kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda hadi ncha za chini. Ncha hizo zisitokeze nje ya mkono wako. Zikitokeza, saa itayumba, itakwaruza na kunasa kwenye nguo. Tazama na unene: saa nene haiingii chini ya mkono wa shati, na kwa mchuma chai wa Amani au mkulima wa iliki anayepita vichakani, kila tawi litaigonga. Kwa mkanda, wengi huona unapendeza ukiwa na upana wa karibu nusu ya upana wa saa.

Fikiria pia hali ya hewa. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu ni wa kawaida. Mkanda wa ngozi ukilowa kila siku huota kuvu na kuoza, hivyo wa mpira, kitambaa au cheni unafaa zaidi. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi unaweza kuzama nayo mtoni. Inahimili matone ya mvua na kunawa mikono, basi.

Jambo la mwisho ni uso wa saa. Sisi tunasoma majira yetu: akrabu ikionyesha 7 asubuhi, tunasema saa moja. Mtoto anayejifunza kugeuza hesabu hiyo, au mzee ambaye macho yamepungua nguvu, anahitaji tarakimu zilizo wazi. Saa ya wastani yenye uso mweupe na mishale myeusi itamsaidia kuliko kubwa iliyojaa vidude vya urembo.

Na ukiona jina la Rolex kwenye saa ya shilingi elfu kumi juu ya turubai, jua kwamba ni ya bandia, maana saa halisi ya kampuni hiyo huuzwa kwa mamilioni. Si lazima uiache kama imekupendeza, ila ilipie bei ya saa ya kawaida na usilipie jina. Kabla ya kutoa fedha ivae, kunja kiganja, inua mkono juu na uushushe. Isipokuchoma wala kuteleza, na ukiweza kuisoma kwa jicho moja la haraka, ukubwa huo ni wako, hata kama mchuuzi atakusukumia ile kubwa ya mbele.