Phil Lynott na albamu ya kwanza iliyopita kimyakimya

Wapenzi wengi wa roki wakisikia jina Thin Lizzy hukumbuka The Boys Are Back in Town, wimbo uliotamba mwaka 1976. Wachache wanaijua albamu ya kwanza ya bendi hiyo, iliyotoka Aprili 1971. Lakini anayetaka kumfahamu Phil Lynott, mwimbaji na mpiga gitaa la besi aliyeiongoza, aanzie hapo.

Lynott alizaliwa tarehe 20 Agosti 1949 West Bromwich, Uingereza. Mama yake, Philomena, alitoka Ireland, na baba yake alitoka Guyana. Baba hakushiriki malezi. Mtoto akapelekwa Dublin, mtaa wa Crumlin, akalelewa na bibi yake, Sarah. Wakati huo watu weusi nchini Ireland walikuwa wachache mno, hivyo popote alipokwenda alionekana mgeni, ingawa pale ndipo palikuwa kwao.

Mwishoni mwa 1969, yeye na mpiga ngoma Brian Downey, waliyejuana tangu utotoni, waliungana na mpiga gitaa Eric Bell wa Belfast. Januari 1971 wakarekodi London katika studio za Decca. Albamu hiyo, iliyoitwa kwa jina la bendi, haina kishindo kikubwa. Ni roki iliyochanganyika na bluzi na muziki wa asili wa Ireland. Lynott anaimba kuhusu Clontarf, kitongoji cha Dublin, na katika Eire anawakumbuka mashujaa wa kale waliopambana na wavamizi. Kijana ambaye wengine wangemuuliza kwao ni wapi alikuwa tayari amejibu kwa nyimbo.

Redio iliwasaidia. Kid Jensen wa Radio Luxembourg na John Peel wa BBC waliipiga albamu hiyo. Hata hivyo haikuingia kwenye chati za Uingereza. Bendi ilingoja hadi mwanzoni mwa 1973, Whiskey in the Jar, wimbo wa jadi wa Ireland, ulipofika nafasi ya sita.

Bell aliondoka, na mwaka 1974 wakaja wapiga gitaa wawili, Scott Gorham na Brian Robertson. Magitaa yao yaliyoimba kwa pamoja yaliziathiri bendi nyingi za metali, ikiwemo Iron Maiden. Metallica nao waliurekodi upya Whiskey in the Jar mwaka 1998.

Lynott hakuyaona hayo ya mwisho. Dawa za kulevya zilimdhoofisha, akafariki Salisbury tarehe 4 Januari 1986 akiwa na miaka 36. Alizikwa Sutton, Dublin. Tangu 2005 sanamu yake ya shaba imesimama Harry Street, katikati ya jiji aliloanza kuliimba wakati wasikilizaji wake walikuwa bado wachache.