Bertha Benz: Mama aliyefufua gari kwa pini ya kofia

Kama umewahi kurithi gari kuukuu, unaujua uchungu wake. Mjomba alituachia moja, la kabureta, na lilikuwa limelala kwa ploti karibu miaka miwili. Siku tuliyoamua kuliamsha, betri ilikuwa mpya, stata ikazunguka vizuri, lakini injini ikakataa kushika. Tukasukuma hadi kona ya tatu, watoto wa mtaa wakishangilia nyuma. Wapi!

Mwishowe tukaita fundi wa jua kali. Jamaa hakuja na kompyuta wala maneno mengi. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nizungushe stata. Cheche ikaruka. Kumbe moto ulikuwepo. Halafu akaitazama ile plagi vizuri: kavu kabisa, hata harufu ya petroli haina. Basi mafuta hayakuwa yanafika. Akafungua kabureta, akachomoa uzi mmoja mwembamba kutoka kwa kebo kuukuu, akadunga kile kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia. Uchafu ukatoka. Dakika kumi baadaye gari likanguruma.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Nilikuwa nikisomea mambo ya mitambo. Kwa hivyo siku hiyo nilijisikia vibaya kidogo, kwa sababu kile kitundu nilikuwa nimekichora kwenye daftari na bado sikujua pa kuanzia. Ndipo nikaanza kusoma historia ya hizi injini, na nikagundua ujanja wa fundi wetu una zaidi ya miaka 130. Aliyeufanya wakati huo hakuwa fundi wa kusomea. Alikuwa mama wa watoto, anaitwa Bertha Benz.

Ndiyo, Benz ile ile unayoiona ikipita na vioo vyeusi. Lakini jina hilo wengi hulihusisha na mumewe Karl tu. Wacha nikusimulie ya huyu mama.

Alizaliwa Mei 3, 1849, katika mji wa Pforzheim, kusini magharibi mwa Ujerumani. Jina lake la ukoo lilikuwa Ringer. Babake alianza kama seremala, akawa mjenzi na akapata pesa za kutosha, kwa hivyo Bertha alisoma shule nzuri ya wasichana. Lakini baada ya hapo, ukuta. Vyuo vikuu vya jimbo lao la Baden havikuwafungulia wanawake milango hadi mwaka 1900. Mwaka huo Bertha alikuwa akitimiza miaka 51.

Akiwa msichana alikutana na kijana mmoja mhandisi anayeitwa Karl Benz. Karl alikuwa amesoma chuo cha ufundi pale Karlsruhe, kichwa kimejaa ndoto, mfuko hauna kitu. Mwaka 1871 alifungua karakana mjini Mannheim akiwa na mshirika, na ushirika ukaharibika haraka sana. Karakana ilikuwa karibu kufa.

Kwao desturi ilikuwa kinyume na yetu: mahari hutoka kwa familia ya msichana. Bertha akaomba apewe mahari yake kabla ya harusi, na pesa hizo zikatumika kumlipa yule mshirika aondoke. Yaani huyu dada aliwekeza kwa biashara ya kijana ambaye hata hawajaoana. Wakafunga ndoa mwaka 1872. Na kwa sheria za wakati ule, mke hakuwa na nguvu ya kusimama mwenyewe katika mambo ya biashara. Pesa zilitoka kwake, jina mlangoni likawa la mumewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya madeni na kukaza mkanda. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1880, baada ya chakula cha jioni, Bertha alimshawishi Karl warudi karakana wajaribu injini mara moja zaidi. Injini ilikuwa imewasumbua kwa muda mrefu. Usiku huo ikashika, ikaendelea kunguruma, na wawili hao wakasimama pale wakiisikiliza.

Januari 29, 1886, Karl aliwasilisha ombi la hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Hataza hiyo, nambari 37435, ndiyo inayotajwa kama cheti cha kuzaliwa cha gari. Kwenye karatasi kuna jina moja tu. La Bertha halimo.

Sasa gari lipo, lakini nani analitaka? Watu walilicheka. Farasi hahitaji kuzungushwa gurudumu ndipo atembee. Isitoshe Karl alikuwa mtu wa kurekebisha bila kumaliza, leo anabadilisha hiki, kesho kile. Safari zake zilikuwa fupi, karibu na nyumbani. Bertha aliona wazi: bila mtu kulipeleka hili gari mbali, litazeekea karakana, na mahari yake pamoja nalo.

Basi asubuhi moja ya Agosti 1888, mapema sana, Bertha na wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa 13, wakalitoa gari bila Karl kujua. Safari: Mannheim hadi Pforzheim kwa mamake Bertha. Kama kilomita 106 hivi. Ni kama utoke Nairobi, ufike Naivasha, na uendelee kidogo, ila hakuna lami, hakuna kituo cha mafuta, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye amewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la petroli.

Hebu elewa gari lenyewe. Injini ya silinda moja, imelazwa nyuma chini ya kiti. Stata hakuna. Kuliwasha, unashika gurudumu zito la injini kwa mikono na kulizungusha kwa nguvu. Tangi kama letu pia hakuna. Kabureta yenyewe ndiyo chombo cha mafuta, inabeba kama lita nne na nusu tu. Hewa inapita juu ya mafuta, inabeba mvuke wake, inaingia kwa silinda. Hapo ndipo cheche ya umeme inalipua.

Mtindo huo una shida yake. Ile sehemu nyepesi ya mafuta hutoka kwanza ikiwa mvuke, na ile nzito hubaki chini. Kadiri mafuta yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kuwa magumu kuwaka. Gari la mjomba lilikuwa na ugonjwa wa ukoo huo huo: petroli iliyolala miaka miwili huwa imepoteza wepesi wake na kuacha uchafu unaoziba vitundu.

Mafuta yakaanza kuisha njiani. Gari hilo lilitumia ligroini, kioevu cha kusafishia madoa, na kiliuzwa wapi? Kwa duka la dawa. Bertha akasimama katika mji wa Wiesloch, akaingia kwa mwenye duka na kununua. Duka hilo leo linajulikana kama kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Maji nayo yalihitaji kuongezwa kila mara, kwa sababu injini ilipozwa kwa maji yanayochemka na kupotea hewani. Walichota popote walipoyapata.

Halafu injini ikaanza visa. Mrija wa mafuta ukaziba. Bertha akachomoa pini ndefu aliyofungia kofia yake, akaudunga hadi ukafunguka. Baadaye waya wa umeme ukachubuka na kuvujisha moto. Akavua ukanda wa mpira unaoshikilia soksi, akaufunga kwenye waya. Wakaendelea.

Simama hapo kidogo. Gari la kabureta likikataa kuwaka na stata inazunguka, mara nyingi shida ni moja kati ya hizo mbili: cheche au mafuta. Cheche ikikosekana, fuata waya, angalia uliochubuka, uliolegea au ulioshika kutu. Cheche ikiwepo na plagi ikawa kavu, fuata mafuta: mrija, chujio, pampu, kitundu cha kabureta. Plagi ikitoka imelowa petroli, basi mafuta yamezidi, iache ikauke kwanza. Fundi wetu alifuata njia hiyo hiyo. Bertha, mwaka 1888, alikutana na magonjwa yote mawili katika safari moja, na akayatibu kwa vitu alivyokuwa amevaa.

Cheni ilipolegea, mhunzi wa Bruchsal aliishughulikia. Milimani, injini ilikosa nguvu, vijana wakashuka kusukuma. Kwenye miteremko, breki za mbao ziliisha kwa kusuguana, na Bertha akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Huo ukawa mwanzo wa ile kitu leo tunabadilisha kwa breki tukisikia mlio. Jioni walifika Pforzheim wakiwa wamechoka, na Bertha akamtumia mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Fikiria uso wa Karl akiisoma.

Siku chache baadaye wakarudi kwa gari hilo hilo. Na Bertha hakurudi na hadithi tu. Alirudi na orodha ya kasoro: breki zinataka ngozi, milima inataka gia nyingine. Karl akaongeza gia ya kupandia. Nadhani huu ndio mchango wake ambao watu husahau wakicheka na hadithi ya pini. Karl alijua gari linavyopaswa kufanya kazi. Bertha sasa alijua linavyoharibika, wapi, na baada ya kilomita ngapi. Elimu hiyo haipatikani gari likiwa limeegeshwa.

Mwaka huo huo gari lilionyeshwa Munich na kupata medali ya dhahabu. Wateja wakaanza kuja, polepole kwanza. Kufikia 1899, kampuni ya Benz ilikuwa imeuza magari 572 katika mwaka mmoja na ilikuwa kubwa kuliko nyingine yoyote ya magari duniani. Mwaka 1926 ikaungana na ya Daimler, na hapo ndipo magari ya Mercedes-Benz yalipotoka.

Bertha na Karl walilea watoto watano na kuzeekea mji mdogo wa Ladenburg. Karl, kwenye kitabu cha maisha yake, alikiri kwamba wakati mambo yalipokuwa yanazama, mtu mmoja tu alibaki naye kwenye hiyo mashua, na mtu huyo alikuwa mkewe. Alifariki mwaka 1929. Bertha akabaki miaka mingine 15.

Mei 3, 1944, vita vikiendelea, alitimiza miaka 95. Siku hiyo chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kile kile alichosoma Karl, kilimpa heshima ya kuwa seneta wake. Ilikuwa imepita karibu miaka 56 tangu ile asubuhi ya Agosti. Siku mbili baadaye, Mei 5, Bertha akafariki nyumbani Ladenburg.

Nimeifikiria sana hiyo karatasi. Sitakudanganya ati masomo hayana maana. Mimi mwenyewe nikipata karo nitarudi kesho. Bertha angeingia chuo kama wangemruhusu, na sioni uzuri wowote katika kumfungia mtu mlango halafu kumpa cheti akiwa na siku mbili za kuishi. Ila katikati ya huo mlango uliofungwa na hicho cheti, alitumia alichokuwa nacho: mahari, pini, mpira wa soksi, na kutokubali gari libaki limeegeshwa.

Jumamosi iliyopita gari la mjomba lilizima tena, hapo karibu na soko. Mathe alikuwa ndani, na kwa muda amekuwa akisema tuliuze kama vyuma. Nikachomoa plagi, nikaangalia cheche. Ipo. Plagi kavu. Nikafungua kabureta mwenyewe, mikono ikitetemeka kidogo kwa sababu watu walikuwa wameanza kusimama. Mathe akanyoosha mkono dirishani, akanipa pini ya leso yake bila kusema kitu.

Tulifika nyumbani tukiendesha.