Moto wa Serampore: Maisha ya William Carey

Kuna watu hudhani kupanga ni kukosa imani. Hebu tumtazame William Carey, mshona viatu wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1761, kisha Mungu akamwita kupeleka Injili India.

Safari yenyewe ilianza kwa kuharibika. Mwaka 1793 alishushwa melini kwa kukosa kibali cha kampuni ya Kiingereza iliyotawala biashara ya huko. Hakukata tamaa. Alitafuta meli ya Denmark, akafika Calcutta Novemba mwaka huohuo. Pesa zilipoisha, alisimamia kiwanda cha nili ili familia ipate chakula. Lakini mwanawe Peter alifariki mwaka 1794, na mkewe Dorothy akaugua akili mpaka kifo chake. Kuna majonzi ambayo hakuna mpango unaoweza kuyaondoa.

Mwaka 1800 alihamia Serampore, chini ya bendera ya Denmark, ambako ile kampuni haingemfukuza. Hapo hakufanya kila kitu peke yake. William Ward alishika uchapaji, Joshua Marshman na mkewe wakashika shule, Carey akatafsiri Biblia. Alipopata kazi ya kufundisha chuoni Calcutta, mshahara wake uliingia kwenye mfuko wa pamoja. Fundi mkuu wa kuchonga herufi, Panchanan Karmakar, alimfundisha mkwewe Manohar kazi hiyo. Panchanan alipofariki, kazi haikuzikwa naye.

Halafu jioni ya tarehe 11 Machi 1812, Carey akiwa Calcutta, nyumba ya chapa ikashika moto. Karatasi, herufi za risasi, tafsiri za miaka mingi, vyote vikateketea. Hasara ilikaribia pauni 10,000. Hakuna aliyekufa.

Asubuhi walichakura majivu. Mashine za kuchapa zilikuwa zimeokolewa. Ile mihuri ya chuma iliyotumika kutengenezea herufi ilipatikana ikiwa nzima, na risasi iliyoyeyuka ingeweza kusubuliwa upya. Mafundi walikuwepo, tena wanaijua kazi. Wiki chache baadaye herufi mpya zilikuwa zikitoka. Habari zilipofika Uingereza, waumini walichanga kiasi chote kwa miezi miwili hivi.

Lakini tuseme ukweli: si kila kitu kilirudi. Kamusi kubwa ya lugha nyingi za mashariki, iliyomla Carey miaka mingi, haikukamilika tena. Kilichokuwa na nakala moja tu kilienda na moto. Tafsiri nyingine alianza tena, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka alipofariki mwaka 1834, baada ya miaka 41 India bila kurudi kwao hata mara moja.

Mpendwa, Carey hakujua moto ungekuja lini. Sisi pia hatujui. Basi jiulize wiki hii: hati ya shamba lako ina nakala? Katika huduma yako, nani mwingine anaijua kazi unayoifanya? Kamati yetu ikianza kujenga, tumeweka akiba ya siku ambayo simiti itapanda bei? Kumwachia Mungu kesho hakutuondolei kazi ya leo.

Tuombe: Bwana, tupe hekima ya kujiandaa, na moyo wa kuanza tena tukiwa tumekaa kwenye majivu. Amina.