Henrietta Lacks: Alizikwa, seli zake zikabaki hai

MNAMO Januari 29, 1951, mwanamke Mweusi mwenye umri wa miaka 30 alifika katika hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore, Marekani, akilalamikia kuvuja damu na uvimbe alioupapasa mwenyewe. Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, aliaga dunia mwaka uo huo. Hata hivyo, seli zilizotolewa mwilini mwake zingali hai katika maabara kote ulimwenguni.

Henrietta alizaliwa Agosti 1, 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia. Mamaye alifariki mnamo 1924, naye akalelewa na babu yake huko Clover, katika nyumba ya magogo iliyowahi kuwa makao ya watumwa. Tangu utotoni alifanya kazi katika mashamba ya tumbaku. Mnamo 1941 aliolewa, kisha akahamia karibu na Baltimore, ambako mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha chuma.

Enzi hizo za ubaguzi wa rangi, Johns Hopkins ilikuwa miongoni mwa hospitali chache zilizowapokea Weusi maskini, japo katika wadi za kando. Madaktari walibaini kuwa anaugua saratani ya mlango wa kizazi, wakamtibu kwa radiamu, tiba ya kawaida wakati huo. Kabla ya kuanza, walikata kipande cha uvimbe na kingine cha tishu isiyo na ugonjwa, wakavipeleka kwa mtafiti George Gey. Henrietta alikuwa ametia sahihi kukubali matibabu. Kuhusu vipande hivyo, hakuulizwa lolote, wala sheria ya wakati huo haikuwalazimu madaktari kumuuliza.

Kwa miaka mingi Gey alikuwa amejaribu kukuza seli za binadamu nje ya mwili, zote zikifa upesi. Za Henrietta hazikufa, bali ziliongezeka maradufu takriban kila saa 24. Gey alizipa jina HeLa, akawagawia wanasayansi wenzake bila malipo. Mwenye seli alifariki Oktoba 4, 1951 akiwa na umri wa miaka 31, akazikwa Clover katika kaburi lisilo na jiwe.

Seli hizo zilisaidia kupima chanjo ya polio katika miaka ya 1950. Miaka ya 1980, kikundi cha mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen kiligundua ndani yake virusi vya HPV aina ya 18. Utafiti wake kuhusu virusi hivyo ulifungua njia ya chanjo ya saratani iliyomuua Henrietta, chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019.

Huku kampuni zikiuza seli hizo, familia yake haikujua lolote hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walipowatafuta jamaa zake ili watolewe damu. Baadhi yao walidhani wanapimwa saratani. Mnamo 1985, habari kutoka faili lake la hospitali zilichapishwa kitabuni bila ruhusa yao.

Sheria nayo haikuwafaa sana wagonjwa. Mnamo 1990, Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya mgonjwa mwingine, iliamua kwamba mtu hana haki ya umiliki juu ya tishu zilizokwisha kutolewa mwilini mwake, ingawa daktari sharti amweleze iwapo ana maslahi ya kifedha.

Machi 2013, watafiti walichapisha jenomu ya HeLa bila kuishauri familia, ilhali jeni hizo hufichua pia siri za watoto na wajukuu. Kufuatia malalamiko, Agosti mwaka huo Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilikubali kuwa maombi ya kutumia data hiyo yachunguzwe na kamati yenye wawakilishi wa familia.

Mnamo 2021, warithi waliishtaki kampuni ya Thermo Fisher Scientific. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya siri yaliyotangazwa Agosti 1, 2023, siku ambayo Henrietta angetimiza miaka 103. Kwa kuwa hapakuwa na hukumu, swali la nani mwenye haki juu ya seli za mgonjwa lilibaki bila jibu la mahakama hiyo.