Dennis Ritchie: Baba wa lugha ya C aliyeondoka kimyakimya

MAMILIONI ya watu wanaotumia simu za mkononi na kompyuta kila siku hawajapata kulisikia jina la Dennis Ritchie, ingawa kazi yake imo ndani ya karibu kila chombo cha aina hiyo.

Ritchie alizaliwa Septemba 9, 1941, Bronxville, jimbo la New York, Marekani. Alisoma fizikia na kisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1967 akajiunga na maabara za Bell, alikofanya kazi baba yake, Alistair.

Mwaka 1969 Bell ilijitoa katika Multics, mradi mkubwa wa mfumo wa kompyuta uliokuwa umechelewa mno. Ken Thompson, mwenzake Ritchie, akaanza kujenga mfumo mwepesi, Unix, kwa kompyuta ndogo ya PDP-7. Thompson ndiye pia aliyetunga lugha ya B, ambayo ilizihesabu sehemu zote za kumbukumbu kana kwamba zina ukubwa mmoja. Ilipowasili PDP-11, inayohesabu kumbukumbu baiti kwa baiti, B ikaonekana haitoshi.

Kati ya 1971 na 1973, Ritchie aliigeuza B kuwa C kwa kuipa aina za data. Tangu hapo kielekezi, yaani kihifadhio cha anwani ya mahali katika kumbukumbu, kikawa kinajua ukubwa wa kitu kinachokielekeza. Kikiongezwa moja, huruka hadi kitu kinachofuata. Kama kila kitu kina baiti nne, husogea baiti nne. Wengi hudhani alama ya ++ ilitokana na PDP-11, lakini Thompson aliibuni kabla kompyuta hiyo haijakuwapo.

Aidha, katika C fanksheni hupewa nakala ya thamani. Ikikisogeza kielekezi ilichopewa, kile cha aliyeiita hubaki palepale. Ili ikibadili, sharti ikabidhiwe anwani yake.

Uhuru huo una gharama. Kielekezi kikivuka mpaka, lugha yenyewe haimzuii mwandishi wa programu, na makosa ya namna hiyo yamewafungulia wavamizi milango hadi leo.

Mwaka 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C, na baadaye mfumo huo ukaweza kuhamishwa kutoka kompyuta ya aina moja kwenda nyingine. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walichapisha kitabu cha lugha hiyo, na mwaka 1983 yeye na Thompson wakatunukiwa Tuzo ya Turing.

Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey Oktoba 12, 2011, akiwa na umri wa miaka 70, wiki moja baada ya kifo cha Steve Jobs wa Apple. Dunia nzima ilimlilia Jobs, huku Ritchie akiombolezwa zaidi na wanataaluma wenzake. Hata hivyo, mifumo inayoendesha kompyuta na simu za Apple ni ya ukoo wa Unix, na viini vyake vimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C.