Sadaka Isiyoaibisha: Maisha ya Musa bin Maimun

Andiko la wiki: Mathayo 6:1-4

Wiki hii nataka tujifunze kwa mtu ambaye hata hakuwa Mkristo. Nivumilieni kidogo, mwishoni mtaona kwa nini.

Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Cordoba, Uhispania, miaka ya 1130. Alipokuwa bado kijana mdogo, mwaka wa 1148, mji wao ulitekwa na watawala Waislamu wenye msimamo mkali. Wayahudi na Wakristo wakaambiwa wasilimu ama waondoke. Familia yake ikatangatanga miaka mingi: ikaishi Fez huko Moroko, ikapitia nchi ya Israeli, mwishowe ikatulia Fustat, karibu na Cairo. Ukimbizi hakuusoma kitabuni.

Mwaka wa 1168 jeshi la Wakristo wa Vita vya Msalaba liliuteka mji wa Bilbeis, Misri, na watu wakachukuliwa mateka. Musa akaandika barua kwa Wayahudi wenzake, akiwaomba wachange pesa za kuwakomboa ndugu zao. Kisha msiba ukamfika yeye mwenyewe. Ndugu yake Daudi, mfanyabiashara wa vito aliyekuwa akilisha nyumba yote, alizama katika Bahari ya Hindi, hii hii yetu. Musa akalala mgonjwa karibu mwaka mzima. Alipoinuka, alikuwa na mjane na mtoto wa nduguye wa kutunza. Akashika kazi ya udaktari.

Sasa angalieni. Mtu aliyefukuzwa kwao na Waislamu akaja kuwatibu wakuu wa serikali ya Sultani Salahuddin, Waislamu pia. Uzeeni, kila asubuhi alipanda mnyama wake kwenda Cairo kwa wakubwa. Akirudi mchana, njaa imembana, anakuta ukumbi umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi. Anawaomba radhi ale kidogo tu, kisha anawatibu mpaka usiku, akiwa amejilaza kwa uchovu.

Huko Misri aliandika kitabu kikubwa cha sheria za Kiyahudi, Mishneh Torah, na ndani yake akaupanga utoaji kama ngazi yenye vidato vinane. Chini kabisa yupo anayetoa huku amenuna. Juu yake ni anayetoa kidogo kuliko impasavyo, lakini kwa uso mzuri. Kisha anayetoa akiombwa, halafu anayetoa kabla hajaombwa. Juu yao ni wanaotoa kwa siri, mpaka pale mtoaji na mpokeaji hawajuani kabisa. Na kidato cha juu? Ni kumshika mtu mkono kabla hajaanguka: kumkopesha, kushirikiana naye biashara, ama kumtafutia kazi, ili asihitaji kuomba tena.

Ngazi hiyo ilinichoma. Wakati fulani nilimwita mama mmoja mjane mbele ya kanisa, nikamkabidhi unga na mafuta ya kupikia, tukapigwa picha. Wiki chache kabla, alikuwa ameniomba mtaji kidogo aanze kuuza mboga. Nilimwambia tutaliombea. Baada ya picha ile hakurudi tena kanisani, nami nikasema hana shukrani. Kumbe nilimpa unga nikamvua heshima.

Wapendwa, hili neno letu sadaka tulilipata kwa Waarabu, na ni ndugu ya neno la Kiebrania tsedaka, ambalo shina lake ni haki. Waislamu nao hufundishwa kutoa bila mkono wa kushoto kujua, kama Bwana Yesu alivyotufundisha sisi. Maskini haji kutuomba tumwonee huruma tu. Kuna haki yake ambayo Mungu ameiweka mfukoni mwetu.

Musa alifariki mwaka wa 1204. Mimi nimeanza kumtafuta yule mama. Nikimpata nitamwomba msamaha kwanza, halafu tuongee habari ya mboga, bila kamera. Na wewe, mpendwa, ni nani aliyekuomba mtaji ukampa maombi peke yake? Mwendee wiki hii. Amina.