Mfahamu Mwalimu Gregory Maloba

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Je, wamjua Mkenya aliyecheza ng'ambo ya mpaka?

Marehemu Gregory Maloba alizaliwa Mumias mwaka wa 1922. Akiwa kijana alivutiwa na sanamu za kanisani, akaanza kufinyanga udongo. Alipofika Makerere, Uganda, alifundishwa na Bi. Margaret Trowell, mwanzilishi wa masomo ya sanaa huko. Baadaye naye akawa mwalimu papo hapo.

Uganda ilipopata uhuru mwaka wa 1962, Maloba ndiye aliyeunda sanamu ya uhuru mjini Kampala. Ni mama aliyefungwafungwa vitambaa mwilini, naye amemwinua mtoto juu. Mtoto huyo ndiye taifa changa. Sanamu hiyo imo hata kwenye noti za Uganda zilizotolewa mwaka wa 2010.

Mwaka wa 1966 alirudi kufundisha katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliaga dunia mwaka wa 2007.

Sisi wa Loresho hupita hapo chuoni tukienda mjini, na wengi wetu hata jina lake hatulijui. Kumbe alikuwa wetu! Basi ukimwona mdogo wako akichezea udongo, usimgombeze.